Maji Waliyommwagia Mama

Watu walionifahamu nikiwa afisa mazingira wa kampuni ya kahawa walidhani mimi ni mtu wa kupenda sana miti na vipepeo. Siku za kupanda miti walinipa jembe niwe wa kwanza kuchimba, wakanipiga picha. Sikuwahi kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba niliomba kazi kwenye kampuni ile kwa sababu ya mtu mmoja, na mtu huyo nilitaka nimwone akitaabika.

Kwetu ni Ihanda, wilaya ya Mbozi, enzi hizo tukiwa bado Mkoa wa Mbeya. Baba alifariki nikiwa mdogo, mama akabaki na kahawa kwenye mteremko na, chini kabisa bondeni, bustani ya kabichi na vitunguu kando ya kijito. Bustani ile ndiyo iliyonisomesha. Kahawa hulipa mara moja kwa mwaka, tena ikipenda. Kabichi zilikwenda sokoni Tunduma kila wiki, na Wazambia waliovuka mpaka walizigombania kabla hazijashushwa vizuri kwenye gari.

Zamani kahawa tuliimenya wenyewe kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, tukaikausha kwenye vichanja, tukaipeleka chama cha ushirika. Miaka ya tisini serikali ikaruhusu makampuni binafsi kununua, na kampuni moja ikaja kujenga mtambo mkubwa wa kumenya kahawa mbivu, juu ya kijito chetu. Nakumbuka mama alivyofurahi. Alisema sasa mikono yake itapumzika. Unachuma, unaibeba kahawa ikiwa bado nyekundu, unaiuza pale pale, umemaliza.

Msimu wa kwanza haukuisha kabla kijito hakijabadilika. Mtambo uliyavuta maji kwa juu na kuyatapika kwa chini yakiwa ya kahawia, mazito, yenye povu, yakinuka kama pombe iliyochacha. Tukiyaoga tulijikuna mpaka damu. Vyura wakanyamaza. Kabichi zikawa za manjano, zikalegea, na wanunuzi wa Tunduma wakaanza kuzinusa kabla ya kuuliza bei.

Mama alikwenda kwa meneja. Akaambiwa meneja ana wageni. Akarudi siku nyingine, akaambiwa amesafiri, ingawa gari lake lilikuwa limeegeshwa pale pale. Basi mama akachota ndoo ya maji ya kijitoni, akajitwika, akaenda nayo mpaka getini ili meneja ayaone kwa macho yake. Nilikuwa kidato cha pili, niko likizo. Nilifuatana naye.

Tulimkuta anatoka na gari. Alikuwa mwanaume mrefu, mtanashati, mgeni wa mkoa wetu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Mama akashusha ndoo, akainama kidogo kama wanawake wa kwetu wanavyofanya mbele ya mkubwa.

"Habari za kazi, baba. Nimekuletea maji yenu muyaone. Haya ndiyo tunayokunywa."

Meneja akashusha kioo, akatazama ndoo, akacheka. Akamgeukia mlinzi. "Huyu mama amekuja na maji ya kunifundisha kazi. Mrudishie."

Mlinzi hakuelewa. "Nimrudishieje, bosi?"

"Mmwagie."

Mlinzi alisitasita. Meneja akapiga honi, mara moja, kwa kero. Ndipo mlinzi akainyanyua ile ndoo akammwagia mama yangu kichwani, taratibu, kama mtu anayemwagilia mche. Maji yale yakashuka kwenye kitambaa cha kichwa, usoni, kifuani, yakajaa kwenye raba zake. Wakulima waliokuwa kwenye foleni ya kupima kahawa walitazama. Wengine walicheka, kwa sababu meneja alikuwa anacheka na kahawa zao zilikuwa hazijapimwa.

Mama hakulia. Aliokota ndoo, tukarudi nyumbani. Alipomaliza kujisafisha aliniita.

"Umemwona vizuri sura?"

"Nimemwona, mama."

"Usimsahau."

Sikumsahau. Nilipokuwa nasoma, wenzangu walichagua kozi kwa kuangalia ajira. Mimi nilichagua mazingira nikiangalia ile sura. Niliporudi Mbozi na diploma yangu alikuwa bado meneja, amenenepa kidogo, shati jeupe lile lile au ndugu yake. Nikaomba kazi ya kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Alinihoji mwenyewe. Alinitazama usoni, akaniuliza natoka wapi, nikamjibu Ihanda, akasema, "Ihanda kuna watu wachapakazi." Hakuna kitu kilichomgusa. Nilimwambia asante, bosi.

Wakati huo mvua zilikuwa zimeanza kutuchezea. Zamani, mwezi wa sita na wa saba, kahawa ikiwa vichanjani, jua liliwaka bila wasiwasi. Sasa manyunyu yaliingia katikati ya mavuno, kahawa ikaota ukungu. Meneja akajenga tanuru la kuikaushia kwa kuni. Kuni zilitoka Mbangala, kule chini kwenye joto, malori yakipanda kila siku yakiwa yamejaa magogo ya miti ambayo babu zetu waliikuta. Yaani hali ya hewa imeharibika, nasi tunachoma msitu ili tuikimbie, na moshi wenyewe unazidi kuiharibu. Nilikuwa nikiyatazama malori yale dirishani nikijisemea: endelea tu.

Kisha wanunuzi wa ng'ambo wakatuletea jambo jipya. Huko kwao wateja na serikali zilikuwa zinawabana kuhusu mabadiliko ya tabianchi, nao wakatubana sisi. Kila mwaka kampuni iandike ripoti ya mazingira: imetumia maji kiasi gani na yamekwenda wapi, imechoma kuni na dizeli kiasi gani, moshi wake umekuwa mzigo gani kwa anga, na mwaka ujao itapunguza nini. Kampuni isiyojibu, kahawa yake ingeshushwa mwisho wa foleni.

Meneja aliniita ofisini. "Binti, wewe Kiingereza chako ni kizuri. Hawa Wazungu wanataka hadithi za mazingira. Tuandikie maneno matamu."

"Nitaandika, bosi."

Nilitoka mle ofisini nimejaa furaha. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko ile, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Nilipima kila kitu. Nilisimama kwenye bomba la kuingizia maji na kwenye mfereji wa kutolea. Nilipanda malori ya kuni mpaka Mbangala nikaona vilima vilivyobaki visiki. Nilikaa na fundi wa injini tukapiga hesabu ya dizeli. Sikutia chumvi hata mahali pamoja, haikuhitajika. Nilipomaliza niliisoma ripoti yangu kama mtu anavyonoa panga, nikijaribu makali yake kwa kidole.

Meneja aliisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa.

"Hii ni ripoti au hati ya mashtaka?"

"Ni vipimo, bosi."

"Futa hapa. Na hapa. Andika kwamba maji yanarudi kijitoni yakiwa safi. Kuni andika ni matawi yaliyoanguka yenyewe."

Nilirudi mezani kwangu nikiwa na wazo moja tu: kuituma vile vile bila yeye kujua, wanunuzi wakimbie, afukuzwe kwa aibu. Jumamosi nikapanda gari kwenda kumweleza mama. Nilimkuta anapalilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, jembe likiwa begani.

"Akifukuzwa atakwenda wapi?"

"Atarudi kwao."

"Atakaa kwenye baraza lake anakunywa chai. Na mtambo?"

"Labda utafungwa."

"Na kahawa yangu nimuuzie nani? Na hawa majirani?" Akalitua jembe. "Wewe umesoma lakini kisasi chako ni cha kitoto. Mimi sitaki aondoke. Nataka asafishe. Kila mwaka asafishe, na wewe uwe umesimama hapo unamtazama."

Nilikaa kwenye tuta nikalifikiria lile neno. Nilikuwa nimejiona mimi ndiye mwenye hasira katika familia, kumbe hasira ya mama ilikuwa imetulia tu, na ilikuwa na akili kuliko yangu.

Jumatatu niliingia ofisini kwa meneja na ripoti ile ile.

"Bosi, nimeshindwa kufuta. Wanunuzi wanamtuma mtu kuja kukagua. Ukiandika maji ni safi, atataka kuyaona. Ukiandika ni machafu na ukaonyesha utafanya nini, atataka kuona unachofanya. La pili lina nafuu."

"Unanitisha?"

"Nakueleza jinsi ripoti hizi zinavyosomwa."

Aliivuta ripoti kwake. Kisha akasaini, akikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi. Hakuona, au hakujali, sehemu iliyosema kwamba mkaguzi atazungumza na mtumiaji mmoja wa maji chini ya mtambo. Mtu huyo nilipaswa kumchagua mimi. Nilimchagua mama yangu, na mpaka leo sijaona ni nani mwingine angestahili zaidi.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo wa Kizungu, mwenye buti za mpira na subira nyingi. Tulishuka bondeni watatu: yeye, meneja na mimi wa kutafsiri. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Kiswahili anakijua vizuri, lakini siku ile aliamua kusema Kinyiha, lugha ya kwetu, makusudi, ili meneja asielewe neno mpaka litoke kinywani mwangu.

Alianza na kabichi. Akaja kwenye ngozi kuwasha. Kisha akaisimulia ndoo. Nilitafsiri kama wakalimani wanavyofanya, kwa kusema "mimi". Nilisema kwa Kiingereza, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili meneja naye apate haki yake: mimi nilibeba ndoo kichwani. Mimi nilimsalimia. Yeye alicheka. Yeye alisema, mmwagie. Nilikuwa nimeingoja siku ile nusu ya maisha yangu, na sikutaka kuimwaga kwa machozi.

Mkaguzi akamgeukia meneja. Meneja akapangusa paji la uso.

"Sikumbuki jambo kama hilo," alisema kwa Kiswahili.

Mama akaacha Kinyiha chake. "Hukumbuki kwa sababu hukulowa wewe."

Ilibidi nilitafsiri hilo pia. Nililitafsiri kwa raha.

"Muulize anataka nini," mkaguzi akaniambia. "Fidia? Kuombwa msamaha?"

Mama alitikisa kichwa. "Aje hapa mwenyewe kila msimu, mtambo ukiwa unafanya kazi. Avue viatu, akunje suruali, asimame kwenye maji haya nami nikiwepo. Siku atakayotoka bila kujikuna, tutakuwa tumemalizana."

Mkaguzi hakucheka. Aliandika. Baadaye niliiona kwenye masharti ya kampuni, kwa lugha safi ya kiofisi, kwamba meneja atatembelea kijito kila msimu pamoja na watumiaji wa maji.

Tulipokuwa tunageuka kuondoka mama akaongeza, tena kwa Kiswahili cha taratibu, "Na huyu anayewatafsiria ni binti yangu."

Mkaguzi aliniuliza amesemaje. Nikamwambia. Akatutazama mmoja mmoja, akafunga kalamu yake. Meneja aligeuka akanitazama usoni, safari hii akitafuta kitu, na najua alikiona.

Kwenye gari, tulipokwisha kumshusha mgeni, alisema, "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unaniwinda."

"Ndiyo, bosi."

Hakunifukuza. Hakuweza. Jina langu lilikuwa kwenye ripoti kama msimamizi wake, na kuniondoa kungehitaji maelezo kwa watu wa ng'ambo ambao sasa walijua habari za ndoo. Alinihamishia chumba kidogo nyuma ya stoo, kwenye vumbi la magunia. Nilipaka rangi, nikatundika kalenda, nikaendelea kupima.

Msimu uliofuata alikuja bondeni. Habari zilikuwa zimeenea, watu wakaacha hata foleni ya kupimia kahawa wakashuka kutazama. Mama alikuwa ameleta kigoda. Meneja alivua viatu na soksi, akakunja suruali yake nzuri, akaingia kwenye maji yale yanayonuka. Mama akaketi ukingoni akaanza mazungumzo. Alimuuliza habari za watoto. Alimweleza bei ya vitunguu Tunduma. Akamsimulia alivyozaliwa Ileje, milima ya Itumba ilivyo na baridi, na alivyoolewa huku. Kila alipomwona anataka kutoka alianza habari nyingine, kwa heshima zote, akimwita baba. Alipotoka miguu ilikuwa myekundu, na alijikuna mbele ya watu wake wote kama mbwa mwenye viroboto. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Nilisikitika kidogo kwamba hawakucheka.

Mwaka huo huo alichimba mabwawa ya kutuliza maji. Mwaka uliofuata akaleta mashine inayotumia maji kidogo na kuyazungusha tena. Kuhusu kuni alibishana zaidi, lakini ripoti ina tabia moja mbaya kwa mtu mwongo: tarakimu ya mwaka huu hukaa kando ya ile ya mwaka jana, zinatazamana, na kila msomaji anaona. Akaanza kuchoma maganda makavu ya kahawa, ambayo awali yalitupwa tu yaoze, badala ya magogo. Malori ya Mbangala yakapungua.

Msimu mmoja mvua ilizidi, kuni zikapanda tena. Alinifuata mwenyewe kwenye chumba changu cha vumbi.

"Dada, mwaka huu tu. Mvua siyo kosa langu. Andika kama mwaka jana."

Aliniita dada kwa mara ya kwanza. Nikaandika zilivyopanda. Barua za wanunuzi zikaja, akakosa usingizi, na kabla ya mavuno mengine vichanja vyote vilikuwa na mapaa ya nailoni, kahawa inakauka kwa jua hata manyunyu yakipita. Wakulima wakaiga, mama akiwa miongoni mwao. Jambo jema, kila mtu anakubali. Mimi nilipolitazama niliona tu mtu ambaye hakuwa amelala.

Miaka ikapita hivyo. Maji yakawa mepesi, yakapoteza povu. Vyura walichelewa, lakini walirudi. Kabichi zikarudi kuwa kabichi. Na hapo likatokea lililonichoma kuliko yote: meneja akawa mtu wa mfano. Alialikwa kwenye semina Dar es Salaam. Nilimsikia redioni akieleza jinsi alivyoguswa na mabadiliko ya tabianchi, jinsi "alivyoamua" kulinda kijito. Niliizima redio nusura niivunje. Nikaenda kumshitakia mama.

"Mwache aseme," alinijibu akichambua maharage. "Ameshasema mbele ya watu. Sasa atarudi nyuma vipi?"

"Lakini wanampigia makofi, mama."

"Makofi hayamwondoi kwenye maji yangu."

Msimu wa mwisho kabla hajastaafu alisimama kijitoni muda mrefu kuliko kawaida, maji yakimfika chini kidogo ya magoti. Akatoka. Hakujikuna. Akavaa viatu vyake akiwa ameketi kwenye nyasi, mtu mzima sasa, mvi zimetapakaa, kisha akasimama mbele ya mama.

"Mama, lile jambo la pale getini. Naomba unisamehe."

Alikuwa amelikumbuka, au alikuwa ameamua kulikumbuka.

"Nimesikia," mama akasema.

Akainama, akaendelea kung'oa magugu kwenye vitunguu. Meneja alibaki amesimama akisubiri lililobaki. Hakukuwa na lililobaki. Baada ya muda akapanda kilima kurudi kwenye gari lake, akisimama hapa na pale kuvuta pumzi, nami nilimsindikiza kwa macho mpaka juu kabisa.

Kuna waliokuja kuniambia kwamba hasira ni mzigo, niitue. Mchungaji wetu alinieleza kwa upole, na rafiki yangu kwa ukali. Niliwajibu kwamba hasira ile ilichimba mabwawa, ikazuia malori ya magogo, ikawarudisha vyura. Kama wangenionyesha upole uliofanya kazi hiyo, ningeutafuta. Usiku wa siku ile ya mwisho kijitoni mama alikula vizuri, akalala mapema. Mimi nililala vizuri zaidi.

Mwaka mmoja baadaye niliitwa Tunduma. Mji ulikuwa umefurika: malori ya kwenda Zambia yamepanga foleni yakiunguruma mchana kutwa, moshi wa dizeli umening'inia juu ya maduka, taka zimejaa kila uchochoro. Kulikuwa na mradi uliotaka kuusaidia mji, kwa sharti kwamba kwanza uandike ripoti yake ya mazingira. Wakubwa wa mji walikuwa wamesikia kwamba naziweza kazi hizo. Walinikaribisha chai na sambusa, wakanieleza wanataka kitu kizuri, cha kuwavutia wafadhili.

"Usije ukatutia aibu tu, dada yetu," mmoja wao alisema akitabasamu.

Nilimuuliza ni nani anayechoma taka nyuma ya maegesho ya malori, na moshi wake unaingia kwenye nyumba za akina nani. Tabasamu likamtoka. Wakatazamana. Nikasogeza kikombe pembeni, nikakaa vizuri kwenye kiti kungoja jibu.